Vikwazo visivyojua kuondoka: barua ya wazi kwa mawaziri wa nchi kubwa na wa Iran

Maskati, 20 Oktoba 2025

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi, China na Jamhuri ya Kiislamu ya Iran.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka mji ambao wajumbe wenu wameujia mara nyingi, mara nyingine kimya kimya. Mimi si mwanadiplomasia. Nilizaliwa Unguja, nikahamia huku kwa jamaa zangu kama walivyofanya Waswahili wengi wa Maskati, na kwa miaka ishirini na sita riziki yangu imetoka kwenye makaratasi ya shehena: manifesti, ankara, vyeti vya asili ya bidhaa na TT, yaani malipo yanayotumwa benki hadi benki. Ninalotaka kuwaambia limetoka kwenye makaratasi hayo, nalo ni moja. Kuweka vikwazo mmekuwa hodari, lakini hamjawahi kutengeneza njia ya kuviondoa ambayo mfanyabiashara, mgonjwa, au hata serikali iliyowekewa inaweza kuiamini, na kwa sababu hiyo silaha mnayoitegemea kuzuia bomu la nyuklia inazidi kuwa butu kila mnapoichomoa.

Tarehe 16 Januari 2016 mlitangaza kwamba Iran imetimiza sehemu yake ya makubaliano ya nyuklia yaliyotiwa muhuri Vienna tarehe 14 Julai 2015, na kwamba vikwazo vya nyuklia vimeondolewa. Haikuwa kazi ndogo. Iran ilikuwa imesafirisha kwenda Urusi tani zipatazo kumi na moja za urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha chini, imeng'oa karibu theluthi mbili ya mashinepewa zake, yaani mashine za kurutubishia urani, na kiini cha kinu cha nyuklia cha Arak kilikuwa kimejazwa zege. Siku ile ofisini kwetu Matrah tuliagiza halua na kahawa. Mimi mwenyewe nilikata bakuli la halua kwa mikono yangu, nikiamini kwamba bahari imefunguka.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, mteja wetu mmoja alileta zabibu kavu na zafarani kutoka Bandar Abbas, bandari ya Iran, hadi bandari ya Sohar huku Oman. Ankara ilikuwa ya euro 11,400, bidhaa halali, na wauzaji na wanunuzi wasio kwenye orodha yoyote ya watu waliozuiwa. Tukatuma TT. Baada ya siku nne benki ikatuambia kwamba benki wenzao wa Ulaya wameisimamisha, kwa kuwa kwenye maelezo ya malipo kulikuwa na maneno mawili, "Bandar Abbas". Wakataka hati ya shehena, nikapeleka. Wakataka kujua chombo ni cha nani, nikapeleka. Wakataka nakala ya pasipoti ya nahodha. Nikamfuata nahodha hadi gatini, nikaipata, nikaipeleka. Wiki ya tatu fedha zikarudi, zimekatwa ada ya euro 65, bila sababu kuandikwa. Binti wa benki, ambaye mama yake ni mtu wa Pemba, aliniambia kwa sauti ya chini: "Ami, hapana aliyekataza. Lakini hapana anayetaka kuwa wa kwanza." Mwishowe mteja alilipa kwa hawala, yaani kupitia mawakala bila benki, na biashara iliyokuwa halali mchana kweupe ikapita mlango wa nyuma kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa wazi kwenye karatasi tu.

Binti yule hakukosea, wala benki zile hazikuwa na woga wa bure. Mwaka 2014 zilikuwa zimeiona benki ya Ufaransa ya BNP Paribas ikilipa Marekani karibu dola bilioni 9 kwa kuvunja vikwazo vya Sudan, Iran na Kuba. Zilijua pia kwamba hata baada ya makubaliano ya Vienna, Marekani iliacha vikwazo vyake vingine mahali pake, na kwamba malipo ya dola yanayohusu Iran hayakuruhusiwa kupita kwenye benki za New York. Mkuu wa benki akiweka faida ya ankara ya zabibu upande mmoja wa mizani na faini ya mabilioni upande wa pili, hahitaji kupiga simu kwa mwanasheria. Mwenye kuandika vikwazo alikuwa amekwisha kuvifuta, lakini mwenye kuogopa faini alikuwa bado anavisoma.

Kisha tarehe 8 Mei 2018 Marekani ikajitoa, ingawa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, lilikuwa limethibitisha ripoti baada ya ripoti kwamba Iran inafuata mipaka ya makubaliano. Vikwazo vilirudi kwa awamu mbili, mwezi wa Agosti na mwezi wa Novemba wa mwaka huohuo, vikiwemo vile vinavyomfuata mtu wa tatu: hata kama wewe si Mmarekani wala si Mwirani, ukifanya biashara na Iran unaweza kufungiwa soko la Marekani. Ulaya ilisema itayaokoa makubaliano, na Januari 2019 Ufaransa, Ujerumani na Uingereza zikaunda chombo cha malipo kilichoitwa INSTEX. Muamala wake wa kwanza, wa vifaa vya tiba, ulikamilika Machi 2020, na chombo chenyewe kilivunjwa 2023. Sitaki kuonekana mkorofi, Waheshimiwa, lakini hapa Matrah nawajua mawakala wenye meza moja na simu ya mkononi ambao wakati wa Ramadhani hupitisha malipo mengi zaidi ya hayo kabla ya adhuhuri.

Mnapoulizwa kuhusu dawa huwa mnajibu kwamba dawa na chakula haviguswi na vikwazo. Ni kweli kwa maandishi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Marekani tarehe 3 Oktoba 2018 isizuie dawa, chakula, bidhaa za kilimo wala vipuri vya usalama wa ndege za abiria, na Marekani nayo ikajibu kwamba bidhaa hizo tayari zina msamaha. Msamaha huo unaishia pale pale ulipoishia msamaha wa zabibu zetu, kwenye dirisha la benki. Wako watoto nchini Iran wenye ugonjwa wa kurithi unaoifanya ngozi imomonyoke kwa kuguswa tu, ambao walitegemea bendeji maalumu kutoka Ulaya, na zilipoacha kufika wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliliandikia hilo waziwazi. Bendeji hairutubishi urani. Anayewekwa mezani kama shabaha ya vikwazo ni mtawala, lakini mtawala ana vyombo vyake vya baharini, ana wanunuzi wake wa mafuta kwa bei ya punguzo, na ana dola za Marekani. Mwenye mshahara wa riali ndiye aliyeona dola moja ikitoka riali 32,000 hivi wakati wa makubaliano hadi kupita riali milioni moja na laki moja mwishoni mwa mwezi uliopita.

Sasa nigeuke kwako, Mheshimiwa Waziri wa Iran, maana jirani mwema hasifu tu. Mtambo wa kurutubisha urani wa Natanz haukutangazwa na serikali yenu. Ulifichuliwa Agosti 2002. Fordow, ulio ndani ya mlima karibu na Qom, dunia iliujua rasmi Septemba 2009. Kuanzia Aprili 2021 mlikuwa mkirutubisha urani hadi asilimia 60, wakati kinu cha kawaida cha umeme kinahitaji chini ya asilimia 5, na bomu linahitaji karibu 90. Wataalamu wanaeleza kwamba ugumu uko mwanzoni mwa ngazi, na kwamba aliyefika 60 amekwisha kupanda sehemu kubwa mno. IAEA ilikadiria kwamba hadi tarehe 13 Juni mwaka huu mlikuwa na kilo 440.9 za kiwango hicho, akiba ambayo ikirutubishwa zaidi yatosha kwa mabomu yapatayo kumi. Tangu vita vya Juni wakaguzi hawajaiona. Mnasema hamtaki silaha, na mimi ningependa kuwaamini, lakini mtu anayefunga ghala lake na kumfukuza mwenye kuhesabu magunia hawezi kulalamika kwamba watu wanakisia kilichomo.

Hata hivyo, hatuwezi kulizungumzia ghala tukanyamazia moto. Mazungumzo ya mwaka huu kati ya Marekani na Iran yalianza hapa Maskati tarehe 12 Aprili, kwa usuluhishi wa Waziri wetu Badr Albusaidi, na duru ya sita ilikwisha kupangwa kufanyika hapa Jumapili ya tarehe 15 Juni. Tarehe 12 Juni Bodi ya Magavana ya IAEA ilitamka kwamba Iran imevunja wajibu wake. Ijumaa ya tarehe 13 Israel ikaanza kushambulia, na tarehe 22 ndege za Marekani zikapiga Fordow, Natanz na Isfahan. Ijumaa ile baada ya sala watu wa mtaani kwetu walisimama barazani wakitazama simu zao bila kusema, kisha mzee mmoja akauliza swali ambalo hadi leo sijasikia mmoja wenu akilijibu: kwa nini mgeni apigwe kabla ya kuketi, ilhali meza imekwisha kutandikwa? Mji huu ulijenga sifa yake ya usuluhishi kwa subira. Hapa ndipo maofisa wa Marekani na wa Iran walipokutana kwa siri 2012 na 2013, enzi za Sultan Qaboos, na mikutano hiyo ndiyo iliyozaa makubaliano ya mpito ya Geneva ya tarehe 24 Novemba 2013. Mwenye kuvunja miadi ya mazungumzo kwa mabomu anawapa hoja wale walio Tehran wanaosema kwamba mazungumzo ni mtego, nao hawakuwa na upungufu wa hoja.

Naomba niendelee kidogo na utaratibu wa kurejesha vikwazo, kwa sababu humo ndimo ninapoliona kosa la ujenzi. Azimio namba 2231 la Baraza la Usalama, lililoyaidhinisha makubaliano ya Vienna, liliuweka mlango kinyume. Kwa kawaida anayetaka vikwazo ndiye anayetafuta kura, na yeyote katika wale watano wenye kura ya turufu anaweza kumzuia. Hapa mshiriki mmoja wa makubaliano akilalamika, siku thelathini huanza kuhesabiwa, na kura inayopigwa ni ya kuendeleza msamaha wa vikwazo, kwa hiyo turufu moja tu inatosha kuuua. Uingereza, Ufaransa na Ujerumani zililalamika tarehe 28 Agosti. Tarehe 19 Septemba azimio la kuendeleza msamaha lilipata kura nne, tisa zikapinga na mbili zikajizuia. Siku saba baadaye pendekezo la Urusi na China la kuahirisha nalo lilianguka kwa hesabu hiyohiyo, na vikwazo vya maazimio yaliyopitishwa tangu 2006 hadi 2010 vikarudi. Mlango huu unajifunga wenyewe kwa upepo, lakini kuufungua kunataka mikono mitano ivute kwa pamoja.

Ningeweza kuvumilia ukali huo kama ungekuwa wa pande mbili. Je, ni kifungu gani kilichoigharimu Marekani ilipojitoa 2018? Hakuna. Tena Agosti 2020, miaka miwili baada ya kujitoa, ilitaka kuutumia utaratibu huohuo wa kurejesha vikwazo, na wengi katika Baraza, wakiwemo rafiki zake wa Ulaya, walikataa kuitambua kama mshiriki. Juzi tarehe 18 Oktoba, siku ambayo azimio lenyewe lilipangiwa kumalizika, Iran, Urusi na China zilitangaza kwamba limekwisha na yaliyomo yamekwisha nalo; nchi za Ulaya na Marekani zinasema vikwazo vimefufuka na kila taifa linawajibika kuvitekeleza. Mimi karani nimebaki na sheria mbili mezani, kila moja imeandikwa na wanachama wa kudumu wa Baraza lilelile. Nifuate ipi nikijaza fomu kesho asubuhi?

Nchi ndogo zimekwisha kulipia mkanganyiko kama huu. Mwaka 2012, vikwazo vya mafuta vilipokaza, Kenya ilitia saini mapatano ya kununua tani milioni nne za mafuta ya Iran kwa mwaka, na haikuchukua muda ikajitoa baada ya kuonywa. Mwaka huohuo meli za mafuta za Iran zilionekana zikipeperusha bendera ya Tanzania, zikiwa zimeandikishwa kwenye daftari la Zanzibar kupitia wakala aliyekuwa Dubai. Mbunge wa Marekani, Howard Berman, alimwandikia Rais Jakaya Kikwete kumtahadharisha, na hatimaye serikali ikatangaza kuzifuta meli 36. Nakumbuka siku hizo nilikuwa likizo Unguja. Watu wa mtaa wa Malindi walikuwa wakiulizana ni lini tulipata meli kubwa hivyo, sisi ambao boti ya Pemba ikichelewa mji mzima unahangaika. Hivyo ndivyo vikwazo visivyo na mlango halali wa kutokea vinavyofanya kazi: havizimi biashara, vinaihamishia kwenye bendera za kukodi, majina yanayopakwa rangi upya baharini, na vyombo ambavyo siku vikigongana hakuna wa kulipa. Huku Khasab, kwenye Mlango wa Hormuz, boti ndogo kutoka Iran zimekuwa zikileta mbuzi na kurudi na sigara na majokofu kwa miaka na miaka. Mbuzi wale hawajui azimio lolote. (Nyongeza ndogo kwa wasiotujua: hata maneno "bandari" na "serikali" tuliyapokea kutoka kwa Waajemi, na si rahisi kumfanya mtu wa pwani aamini kwamba ng'ambo ile haipo.)

Wala msidhani kwamba suala lenyewe la nyuklia ni geni kwetu. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo, na wachimbaji ambao wajukuu zao leo wanazungumza lugha hii ninayoiandikia. Bara letu lilijifunga kwa Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo 1996 na kuanza kutumika 2009, kutokuwa na silaha hizo. Afrika Kusini ilikuwa nazo sita, ikazivunja yenyewe, na Rais F. W. de Klerk akaitangazia dunia Machi 1993. Wanaoifuatilia historia hiyo wanajua kwamba hofu iliyoyazaa mabomu yale ilikuwa imepungua, kwa kuwa vita vya Angola na Namibia vilikuwa vimefikia makubaliano na mtu mweusi alikuwa anaelekea kupewa haki yake. Kwingine somo limekuwa baya zaidi. Libya iliachana na mpango wake Desemba 2003 na 2011 kiongozi wake akaondolewa kwa msaada wa ndege za kigeni. Korea Kaskazini ilitangaza Januari 2003 kwamba inajitoa kwenye Mkataba wa Kuzuia Uenezaji wa Silaha za Nyuklia, ikafanya jaribio la kwanza Oktoba 2006, na kufikia Septemba 2017 ilikuwa imefanya sita. Libya haikuwa na bomu na Korea Kaskazini inalo, na kila jenerali duniani ameiona tofauti ya walivyotendewa. Nanyi wenye silaha mliahidi katika Ibara ya Sita ya mkataba huohuo, ulioanza kutumika 1970, kwamba mtajadiliana kwa nia njema kuziondoa zenu. Miaka hamsini na mitano ni muda mrefu wa kujadiliana.

Ninachowaomba si huruma. Iran iwaruhusu wakaguzi warudi na iziweke kilo 440.9 mezani zihesabiwe, kwa kuwa bila hesabu hiyo hakuna mwenye haki ya kudai chochote. Marekani iseme kwa maandishi, na ikiwezekana kwa sheria ya Kongresi badala ya saini ya rais mmoja inayofutwa na rais mwingine, ni kikwazo gani kitaondoka kwa tendo gani, na kwamba hakuna atakayeshambuliwa wakati miadi ya mazungumzo iko mbele. Mkataba ujao uwe na adhabu kwa yeyote anayejitoa bila sababu iliyothibitishwa na IAEA, awe ni Tehran au Washington. Na kabla ya sherehe, teueni benki chache zenye majina, mzipe barua za kinga zisizo na maneno ya kuzunguka, ili dawa, chakula na biashara ndogo ndogo zipite mchana, na mkaguzi yeyote azione. Hilo la mwisho ndilo ninalolisisitiza zaidi, kwa sababu ndilo lililosahauliwa 2016, wakati mlipopeana mikono Vienna na kurudi makwenu mkiamini kwamba kazi imekwisha.

Ankara ile ya Machi 2017 bado ninayo kwenye faili la kijani, pamoja na nakala ya pasipoti ya nahodha na risiti ya ada ya euro 65. Siku mtakapotangaza tena kwamba vikwazo vimeondolewa, nitaandika nyingine kama hiyo, zabibu kavu na zafarani, jina la Bandar Abbas likiwa limeandikwa wazi kwenye maelezo ya malipo, na nitaipeleka kwenye dirisha lilelile. Nitawaandikieni tena kuwaambia kama fedha zimefika.

Wenu mtiifu,
Karani wa shehena, Matrah